Barua ya wazi: Anayeanzishiwa dripu ya kingamwili ahakikishiwe kuimaliza

Kwa Waziri wa Afya. Kwa mnaonunua na kusambaza dawa za umma. Na kwa mnaosimamia bima za afya za wananchi.

Waheshimiwa, mlionizidi umri shikamooni. Wengine wote nawasalimu kutoka Kirumba, Mwanza.

Asubuhi ya dozi yangu ya nne nilipanda daladala nikiwa nimepakata boksi la samaki. Ndani yake, juu ya barafu niliyoifunika kwa kanga iliyokunjwa mara nne, mlikuwa na chupa nne za rituksimabu, dawa yangu ya saratani ya damu: kubwa moja ya miligramu 500 na ndogo tatu za miligramu 100. Katikati ya chupa nilichomeka kipimajoto. Kondakta alitaka boksi lipite nyuma kwenye mizigo, nikakataa, nikalipa nauli ya watu wawili ili likae pembeni yangu. Dawa ile haitakiwi kuzidi nyuzi 8 wala kushuka chini ya nyuzi 2. Haitakiwi kuganda. Haitakiwi kutikiswa.

Nilijua kufanya hivyo kwa sababu kwa miaka 22 nilikuwa kitengo cha ubora katika kiwanda cha minofu ya sangara, na kazi yangu yote ilikuwa kulinda baridi. Wagonjwa wenzangu hawajasomea hayo. Mzee mmoja wa Sengerema alinunua chupa yake kubwa duka la dawa mjini siku mbili kabla ya tarehe yake, akamwomba jirani amtunzie kwenye friza ya kugandishia barafu za kuuza. Alipoifikisha wodini ilikuwa imeganda. Sista aliipokea, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akakaa nayo mkononi muda mrefu kabla ya kumwambia, "Baba, hii siwezi kukuwekea." Mzee yule alikuwa ameuza ng'ombe wawili. Mimi nilikuwa kiti cha tatu kutoka kwake, dripu ikiwa mkononi, na tangu siku hiyo barua hii imekuwa ikinisumbua kifuani.

Sitaji hospitali, sitaji duka wala mfuko wa bima. Walionihudumia wodini walinipa walichokuwa nacho, na wengine walinipa zaidi ya hapo. Nawaandikia ninyi kwa sababu kilichotukwamisha hakiko mikononi mwa sista.

Ugonjwa wangu ni lukemia sugu ya limfosaiti. Ni saratani ya damu, lakini si ile inayomwangusha mtoto ndani ya wiki chache. Hii huja polepole, na mara nyingi humkuta mtu aliyekwisha kuvuka miaka 60. Seli B, ambazo ni aina ya chembe nyeupe zinazotengeneza kinga ya mwili, huongezeka ovyo zikiwa hazifanyi kazi yake, zikajaa kwenye damu, kwenye mitoki na kwenye bandama, hadi chembe nzuri zikakosa mahali pa kukaa. Mimi nilianza na bandama. Na kwa mtu wa kando ya ziwa, bandama iliyovimba huwa na majibu mawili kabla ya mengine yote: malaria na kichocho. Nikatibiwa kichocho mara mbili, malaria mara nyingi zaidi. Siwalaumu waliofanya hivyo, maana kwa wengi wetu huku huwa ndiyo kweli. Ni kijana mmoja wa kituo cha afya aliyeagiza picha ya damu, zikaonekana chembe nyeupe 90,000 kwa mikrolita, mahali ambapo mtu mzima huwa nazo kati ya 4,000 na 11,000 hivi.

Nilipofika kwa daktari wa damu, alichoniambia kilinishangaza kuliko ugonjwa wenyewe: tusubiri. Miezi 19 nilipimwa tu, sikupewa hata kidonge. Leo naelewa kwamba huo ni utaratibu sahihi duniani kote kwa lukemia hii ikiwa bado haijaleta dalili, kwa sababu kuwahi kuanza dawa hakujaonekana kumwongezea mgonjwa maisha. Wakati ule sikuelewa, na nyumbani ndiyo kabisa. Majirani walisema nimerudishwa nifie kwangu. Dada yangu alisafiri hadi Magu kuniletea mizizi. Najua wenzangu watatu waliopotelea kwenye kipindi hiki hiki cha kusubiri. Hawakurudi kliniki tena, kwa sababu waliona hospitali imewakataa. Daktari akipewa dakika kumi zaidi za kumweleza mgonjwa na ndugu zake, kwa Kiswahili, na kwa Kisukuma inapobidi, wengi wangerudi. Hilo halihitaji fedha za kigeni.

Kisha uzito ukaanza kushuka, jasho la usiku likawa linalowesha godoro, na damu ikapungua hadi nikawa napumzika mara mbili kufika bombani. Kusubiri kukaisha. Nikapangiwa vidonge vya klorambusili, ambayo ni dawa ya kemikali ya saratani, pamoja na dripu ya rituksimabu, kila baada ya siku 28, mara sita.

Rituksimabu ni kingamwili, yaani protini ya kinga kama zile za mwilini, ila hii imetengenezwa maabara. Nawaeleza wagonjwa wapya kwa lugha ya ziwa, nanyi nitawaeleza hivyo hivyo. Dawa nyingi za zamani za saratani ni kama kokoro, linakokota kila kilichopo: sangara mkubwa, sato mchanga, na mazalia yake. Kingamwili ni wavu wenye matundu ya kipimo. Juu ya seli B kuna alama iitwayo CD20. Kingamwili hushika alama hiyo tu, na ikishaishika, askari wa mwili wenyewe huja wakaiua seli ile. Wavu huu hunasa pia seli B zilizo nzima, maana nazo zina alama ileile, na ndiyo sababu mgonjwa wa dripu hii akipata homa ndogo hatakiwi kuambiwa akanunue parasetamoli akalale. Lakini seli mama ndani ya uboho hazina alama hiyo, kwa hiyo mwili una mahali pa kuanzia upya.

Dawa hii si mpya, wala si ya majaribio. Njia ya kuzalisha kingamwili za aina moja ilipatikana Cambridge mwaka 1975 kwa kazi ya Georges Köhler na César Milstein, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1984, na ugunduzi ule haukuwekewa hataza. Rituksimabu iliruhusiwa Marekani mwaka 1997. India ilianza kuuza dawa fanani yake, yaani inayofanana nayo kutoka kwa mtengenezaji mwingine, mwaka 2007, Ulaya ikaruhusu ya kwanza kwake mwaka 2017. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na lukemia yangu ni mojawapo ya magonjwa yaliyoandikwa mbele ya jina lake.

Faida yake imepimwa. Utafiti ulioongozwa na Wajerumani, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuata wagonjwa 817 wa lukemia hii. Baada ya miaka 3, kati ya kila 100 waliopata dawa za kemikali pamoja na rituksimabu, 65 walikuwa hai na ugonjwa wao haujaendelea. Kati ya waliopata kemikali peke yake walikuwa 45. Kwa watu wenye maradhi mengine mwilini, wanaopewa klorambusili kama mimi, utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha ugonjwa ukitulia kwa takriban miezi 11 kwa vidonge vitupu, na miezi 16 ukiongeza rituksimabu. Naomba mliangalie jambo moja katika tafiti hizo mbili: zote zilipanga mizunguko sita. Hazikumpima mgonjwa anayepata miwili, akakosa miwili, akapata mmoja. Huyo ndiye mgonjwa wa benchi letu.

Nisimulie dripu ya kwanza, kwa sababu wengi huiogopa na wengine huacha hapo hapo. Kwa kuwa chembe zangu nyeupe zilikuwa nyingi, dozi iligawanywa siku mbili: miligramu 100 siku ya kwanza, 500 siku ya pili. Nilinyweshwa maji mengi na kupewa alopurinoli kulinda figo, maana seli zinapokufa kwa wingi kwa mkupuo uchafu wake huelemea figo. Nikapewa parasetamoli, sindano ya kuzuia mzio, na dawa ya steroidi. Ndipo dripu ikafunguliwa polepole sana, miligramu 50 kwa saa.

Dakika ya arobaini taya zangu zikaanza kugongana. Kitanda kikawa kinatetemeka pamoja nami. Nimeingia vyumba vya kugandishia minofu maisha yangu yote ya kazi, naijua baridi. Hii ilikuwa inatoka ndani ya mifupa. Shinikizo la damu lilishuka. Nilidhani nimefika. Sista alifunga dripu, akanichoma sindano nyingine, akaniwekea mablanketi mawili na khanga ya mgonjwa wa jirani, akakaa pale ameshika kifundo cha mkono wangu. Nusu saa baadaye mtetemeko ukaisha, akaifungua tena kwa nusu ya kasi. "Bibi, mara nyingi ni ya kwanza tu," akaniambia. Ilikuwa kweli. Dozi ya pili nililala usingizi hadi mchana.

Lakini siku ile sista alikuwa peke yake na wagonjwa kumi na wawili, na kwa nusu saa nzima alikuwa wangu mimi tu. Mtu anapowekewa kingamwili kwa mara ya kwanza anahitaji jicho la karibu kwa saa za mwanzo. Mkipanga ikama ya wauguzi, hesabuni hilo.

Kuna pia homa ya ini B. Ukanda wetu unayo kwa wingi, na watu wengi hawajui kama wanayo. Rituksimabu inaweza kuamsha virusi vilivyolala na kuharibu ini kwa haraka. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliipa onyo zito mwaka 2013, kwamba kila mgonjwa apimwe kabla ya kuanza. Mama mmoja wa Geita alipimwa akakutwa navyo, akapewa vidonge vya tenofovia vya kuvizuia, avimeze wakati wote wa dripu na angalau miezi 12 baada ya dozi ya mwisho. Vidonge hivyo hutumika pia kwa wenye VVU. Alikuwa akivificha ndani ya kopo la unga ili mkwewe asione. Kipimo hiki kiwe cha bure, kiwe cha lazima, na mgonjwa aelezwe vizuri asije akatupa kopo.

Sasa nifike palipotuumiza zaidi.

Dozi ya kwanza na ya pili bima ilinilipia. Ya tatu ilicheleweshwa wiki tano kwa sababu kibali huombwa upya kila mwezi, na mwezi ule karatasi ilirudishwa mara mbili: mara ya kwanza muhuri haukusomeka, mara ya pili aliyetakiwa kusaini alikuwa safarini. Kibali kilipotoka, dawa ikawa imeisha stoo. Ilipofika zamu ya nne nikaambiwa nikiweza kununua nje nije nayo. Chupa kubwa moja ilikula pensheni yangu ya miezi minne, na ndogo tatu zilikuwa bado. Nikauza kiwanja cha Kisesa, nilichokuwa nimemwekea mwanangu wa mwisho. Hicho ndicho kilinunua dozi ya nne na ya tano.

Mimi nilikuwa na kiwanja. Nimewaona waliokuwa hawana.

Kila anayeniambia kwamba tatizo ni dawa ghali, namjibu kwamba ghali kuliko zote ni dawa iliyokatishwa. Chupa za dozi tatu zikimwingia mtu, kisha akaachwa ugonjwa ukarudi, fedha ile imepotea, ng'ombe wamepotea, na mtu mwenyewe yuko njiani kupotea. Hesabu ya dawa hujulikana tangu siku ya kwanza, anapopimwa urefu na uzito. Mwili wangu ulihitaji miligramu 600 mara ya kwanza na 800 kwa kila moja ya tano zilizofuata. Jumla ni 4,600. Hakuna mwezi ambao mwili wangu uliwashtukiza.

Ninaloomba ni moja, na mengine ni matawi yake. Mgonjwa asitundikiwe dripu ya kwanza mpaka dozi zake zote sita ziwe zimehesabiwa, zimelipiwa au kudhaminiwa, na kuandikwa kwa jina lake kwenye jokofu la hospitali. Chupa isipite mkononi mwa mgonjwa kamwe. Kibali cha bima kitolewe mara moja kwa mizunguko yote sita, kikaguliwe katikati kwa majibu ya damu ikiwa lazima, lakini kisianze upya kila siku 28. Bunge lilikwisha kupitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Mnapoandika vitita, yaani orodha za huduma zinazolipiwa, na miongozo ya sheria hiyo, andikeni matibabu ya saratani kwa kozi nzima.

Na dawa hiyo isikosekane huku Kanda ya Ziwa. Wapo wenzetu walioshauriwa waifuate Dar es Salaam. Ni zaidi ya kilomita 1,100 kwenda, na mtu mwenye damu pungufu huzisafiri akiwa amekaa, mara sita, na msindikizaji. Mwezi Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, na watu wa Sengerema na Geita hawalali tena foleni ya kivuko wakiwa na mgonjwa. Tunashukuru sana kwa hilo. Barabara ikishafika, dawa iwepo upande wa pili.

Mtu asiwaambie kwamba baridi ndiyo kikwazo. Mwaka 1999 Ulaya ilifunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya wavuvi waliokuwa wakivua kwa sumu. Nilikuwa kazini. Niliona mialo ikikaguliwa, maabara zikiimarishwa, karatasi zikianzishwa za kufuatilia samaki kutoka mtumbwini hadi kwenye ndege. Mlango ukafunguliwa tena, na minofu yetu ikaendelea kufika Ulaya ikiwa na baridi yake, na joto lililoandikwa kila hatua. Chanjo za watoto nazo hutunzwa kwa nyuzi zilezile 2 hadi 8, na wauguzi wetu huzifikisha hadi visiwa vya Ukerewe ndani ya mitumbwi. Chupa yetu kubwa kuliko zote ni mililita 50. Mji huu unajua kuibeba.

Najua pia mtakumbushwa kwamba nchi tajiri zinaelekea kwenye vidonge. Ni kweli. Ibrutinibu iliruhusiwa kwa lukemia yetu Marekani mwaka 2014 na ikaingia orodha ya dawa muhimu ya dunia mwaka 2021, kwa ajili ya wale ambao ugonjwa wao umerudi. Siku ikifika hapa kwa bei ya mwananchi tutaipokea kwa mikono miwili. Ila hiyo humezwa kila siku kwa miaka, na nchi iliyoshindwa kupanga dozi sita itakwama vibaya zaidi kwenye vidonge visivyo na mwisho. Mfano wa kupanga tunao hapa hapa. Wenzetu wenye lukemia sugu ya aina nyingine, ya mailoidi, kwa miaka mingi wamepata vidonge vyao vya imatinibu bure nchini kupitia mpango wa msaada wa mtengenezaji. Tunakaa nao benchi moja. Wanakuja na daftari la kliniki, wanapimwa, wanapewa dawa zao, wanarudi kwenye mashamba na maduka yao. Sijawahi kumwona mmoja wao na boksi la barafu.

Mimi nilimaliza ya sita. Bandama haishikiki tena, chembe nyeupe ni 6,000, na mwezi uliopita nilipanda mwenyewe hadi kanisani mlimani bila kupumzika. Ugonjwa huu huwa unarudi, naelewa, lakini miezi niliyopewa nimeipokea kwa shukrani.

Babu mmoja wa Ukerewe tulianza naye wiki moja. Alikuwa akija na meli kutoka Nansio, ananiletea machungwa. Hana bima. Alipata dozi tatu, kisha mauzo ya dagaa yakaanguka, akaacha. Mitoki ya shingo imeanza kurudi. Jumapili iliyopita alinipigia simu kuniuliza kama boksi langu bado lipo, kwa sababu mwanawe amepata fedha ya chupa kubwa moja. Nimemwambia lipo, na kipimajoto kipo, na barafu nitaichukua soko la samaki la Mwaloni asubuhi ile ile atakayoshuka.

Dozi yake ya nne ni chupa nne.

Nasubiri jibu lenu,

Mgonjwa, mstaafu wa kiwanda cha minofu,
Kirumba, Mwanza.